Paka Asiyegusa Jibini

Muheto kuna mabaraza mawili. La chifu hukaa Alhamisi, kama mvua haikuharibu njia. La pili ni gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya mawe mawili, ubavuni mwa jiko la Mama Annonciata, nalo hukaa kila siku ya Mungu, tangu mama huyo anapofungua termosi ya kahawa mpaka anapoikung'uta. Wakaaji wake wa kudumu ni wanaume watatu. Yuko Honoré, anayetengeneza jibini, na ambaye hata mkewe humwita Fromage, yaani jibini kwa Kifaransa. Yuko Jean-de-Dieu, mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja bila kupanda cheo, watu wakaamua kumpandisha wenyewe kwa kumwita Inspecteur. Na yuko Nestor, seremala, aitwaye Raboti kwa sababu ya randa yake, ambayo haiachi nyumbani hata siku ya misa. Mwaka huu Raboti alikuwa amezikarabati nyumba za wenzake wote wa kijiweni: ya Mama Annonciata, ya Fromage na ya Inspecteur. Asubuhi hiyo, mvua ikiwa imetoka kukatika, alikuwa ameketi mwisho wa gogo akiomba kimoyomoyo wazungumzie jambo lolote duniani isipokuwa paka.

— Ilikuya tena leo asubui, Fromage alisema, hata kabla ya kikombe kujaa. Niliacha mulango ya chumba ya fromage wazi kidogo tu. Kurudia, nakuta iko ndani.

— Ikakula ngapi? Inspecteur aliuliza, akitoa kalamu nyuma ya sikio.

— Ata moja. Njo kitu inanikosesha usingizi. Fromage makumi ine zimepangwa kwa étagère, zinanukia mupaka kwa barabara. Paka inapita katikati yao sawa musista anapita mu cabaret ya pombe. Inaenda kwa ukuta, inaweka shavu kwa ubao, inalala.

— Kwangu iko vilevile, Mama Annonciata alisema. Kila mangaribi inakuya kwa ukuta ya salon, ile mupya. Inakaa mbele yake, inalia, inangoya. Sawa muntu anangoya bamufungulie. Na pale hakuna mulango.

— Mi kwangu inakaa chini ya plafond, inaangalia juu, alisema Inspecteur. Nikafikiri iko panya. Nikapanda na torche. Panya ata mumoja. Donc tuko na paka moja, nyumba tatu, na hakuna kitu inaiba. Hii hapana mambo ya kawaida. Hii iko enquête.

Akaandika neno hilo, uchunguzi, katika kidaftari chake na kulipigia mstari. Raboti alipiga funda la kahawa ya moto likamchoma hadi tumboni.

Ukweli wenyewe ni huu, na afadhali tuuseme mapema kabla Inspecteur hajauharibu. Paka yule aliitwa Sentinelle, na alikuwa wa mama mzazi wa Raboti, Mama Libérata wa kijiji cha Kashuga. Baada ya Noeli, Mama Libérata alikwenda Goma kumwangalia binti yake Naomie aliyejifungua, na kabla ya kupanda gari alimwachia mwanawe kazi moja tu: nyumba yangu inavuja na kuta zimeoza miguuni, itengeneze. Raboti akaenda. Akaibomoa ubao kwa ubao, kama mafundi wa kwetu wafanyavyo, na nyuma ya kila ubao akaandika namba kwa mkaa, ili airudishe nyumba ilivyokuwa, safari hii juu ya msingi wa mawe. Nia yake ilikuwa safi kabisa. Mbao mpya za kuongezea aliziagiza kwa rafiki yake Patient, mpasua mbao wa Buleusa, kule Walikale. Kisha barabara ya Walikale ikageuka uji, malori yakakwama, na Mama Annonciata akawa anataka ukuta wake kabla ya Pasaka.

Raboti akaazima mbao za mama kidogo tu, za kutosha ukuta mmoja. Lori likifika, atazirudisha. Akaziranda upande mmoja, zikang'aa utadhani zimetoka mtini jana. Fromage alipouona ukuta ule, akataka chumba chake cha jibini kiwe hivyohivyo. Inspecteur naye akataka dari, yaani ile plafond. Raboti hajui kumkatalia mtu, hilo ndilo tatizo lake la tangu utoto, na alipokuja kushtuka, nyumba ya mama yake ilikuwa imekwisha yote. Wote watatu aliwaambia ni libuyu mpya wa Walikale. Na hata hapo hakudanganya sana. Libuyu ulikuwa libuyu kweli, ule mti mwekundu unaowashinda mchwa, na Walikale ilikuwa Walikale kweli. Ni neno «mpya» tu ndilo lililokuwa na umri wa miaka thelathini.

Paka, Raboti alikuwa amemwachia jirani wa Kashuga. Lakini safari ya mwisho, akiteremka kilima na chukudu, kigari cha mti cha kusukuma, kilichojaa mbao, aliona macho mawili katikati ya mzigo. Alimfukuza mara tatu kwa fimbo. Kesho yake paka alikuwa Muheto, na mambo yakaanza. Mama alikuwa amesema atarudi mwisho wa mwezi. Patient naye, kila alipopiga simu, alisema lori litafika mwisho wa mwezi. Raboti alikuwa akiishi katikati ya ahadi hizo mbili, akimsihi Mungu ahadi ya Patient itangulie.

— Mi najua inatumwa na nani, Fromage alisema, akiinamia wenzake. Bale bafundi ba fromage ba kilima ya juu. Banaituma ijue siri yangu.

— Paka itabaambia siri namna gani? aliuliza Mama Annonciata.

— Harufu. Inalala mule, harufu inaingia mu manyoya. Ikirudi, banainusa. Muntu mwenye anajua fromage, unamupatia paka anuse tu, anakuambia chumvi niliweka ngapi na maziwa nilichemusha mara ngapi.

— Iko kweli, Raboti alisema upesi. Ata mi nilisikiaka vile. Kule Walikale bawindaji banafanyaka vile na imbwa. Wanainusa, wanajua musitu gani iko na nyama.

Kila mtu alimgeukia. Raboti si mtu wa kuunga mkono maneno ya Fromage. Miaka mingi wamekuwa wakibishana hata juu ya saa.

— Nestor, Mama Annonciata alisema, tangu lini unamuitikia huyu?

— Mi nasema tu, mama.

— Hapana, alisema Inspecteur. Fromage anafikiri dunia yote inatafuta fromage yake. Kwangu paka inanusa nini? Mi niko na daftari za batoto tu. Angalieni, niwaonyeshe.

Akaokota kijiti, akafuta tope kwa kiatu, akachora vidoti vitatu.

— Huku, kwa Mama Annonciata. Huku, kwa Fromage. Huku, kwangu. Nikiunga, inafanya nini?

— Triangle, alisema Fromage.

— Triangle gani?

— Ya matope.

— Isocèle, pande mbili sawasawa. Mi nilifundisha miaka makumi tatu na moja, sijaona paka inafanya isocèle bule. Chini ya udongo iko kitu inapita, na paka iko na masharubu. Masharubu iko nini? Iko antenne.

— Unataka kusema madini? Coltan? Fromage aliuliza kwa sauti ya chini, akitazama barabarani kama kuna anayesikia.

— Coltan umesema wewe. Mi nasema kitu. Na kama kitu iko chini ya hizi nyumba tatu, fasi iko mingi ni hapa katikati.

Kijiti kikateremka polepole mpaka katikati ya ile pembetatu, na katikati ya ile pembetatu ndipo lilipokuwa gogo walilolikalia. Wote wanne walitazamana. Kisha wote wanne, na Raboti akiwa wa mwisho, waliinama kuchungulia chini yake.

Paka alikuwa pale. Alikuwa amelalia kiatu cha Raboti, mkubwa, wa rangi ya majivu, amefumba macho kwa raha zake kama yuko kwao.

— Ee, alisema Inspecteur.

Raboti alimsukuma paka kwa kisigino. Paka akanyoosha mguu mmoja, akarudi palepale, akajisugua kwenye suruali yake mara mbili.

— Inakujua, alisema Mama Annonciata.

— Inanusa colle. Mi nilikuwa na colle ya mbao kwa suruali. Paka zinapendaka colle.

Inspecteur akaiandika gundi hiyo: colle. Mama Annonciata hakuandika kitu. Alijaza vikombe, akakaa kwenye kigoda chake, akamtazama paka kwa muda mrefu. Kati ya wote pale, yeye ndiye aliyemtisha Raboti, kwa sababu yeye peke yake hufikiri kwanza, ndipo akasema.

— Mi nitawaambia kitu, alisema mwishowe. Paka hapana ya muntu. Paka iko ya nyumba. Sisi tulipohama kutoka Buleusa, nikiwa mutoto, baba alifunga paka mu gunia, akaizungusha mara saba juu isijue njia. Kiisha juma mbili ikapotea. Kaka yangu alienda kule, akaikuta inalala mu nyumba ya zamani, mbele ya mafiga, na bantu bengine njo walikuwa bameingia mule.

— Bon, alisema Inspecteur. Na hii nyumba yake iko gani? Iko na nyumba tatu.

— Njo pale nashindwa.

— Chef mukubwa njo anakuwaka na nyumba tatu, alisema Fromage. Labda iko paka ya chef.

Walicheka, na Raboti alicheka kuwapita wote, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia magotini. Alikuwa ameliona jambo hilo likipita karibu kabisa na mlango wake, na alijua ni lazima awaelekeze upande mwingine upesi.

— Inspecteur iko na haki, alisema. Tuchimbe. Hapa chini ya gogo. Mi naenda kuleta jembe.

— Wewe? alisema Fromage. Miezi mbili nilikuomba unichimbie mashimo ya manguzo, ukaniambia mugongo inauma.

— Imepona.

— Hapa kwangu hapatachimbwa, alisema Mama Annonciata. Fasi ya kahawa ikiwa shimo, mutakaa wapi? Na tena, kuchimba juu ya nini? Paka hailale mu udongo. Inalala kwa ubao. Kwangu ubao. Kwa Fromage ubao. Kwa Inspecteur ubao. Tutoe ubao moja, tuone nyuma yake iko nini. Misumari mine tu.

Hapo Raboti alihisi gogo linazama. Nyuma ya ule ubao, na nyuma ya kila ubao wa nyumba zile, kulikuwa na namba za mkaa kwa mwandiko wake mwenyewe, pamoja na moshi wa miaka thelathini wa maharagwe ya mama yake.

— Haitolewe, alisema.

— Juu ya nini?

— Libuyu mupya haitolewe mbele ya miezi sita. Bado... bado inajifunza ukuta.

Inspecteur alishusha kalamu.

— Mbao inajifunza?

— Sawa mutoto wa darasa ya première. Unaipanga na benzake, inazoea. Ukitoa moja, zingine zinaanza kujikunja. Mu Walikale bazee banajuaka hii. Ata usiku unazisikia, ka, ka, ka. Iko zinaitana.

— Njo maana paka inakuya, alisema Fromage, macho yamemtoka. Inasikia mbao zinaitana.

— Kabisa, alisema Raboti, akaushika uongo huo kwa mikono miwili. Umesema kweli, Fromage. Iko inasikia mbao.

Na ajabu yake ni kwamba, katika uongo wote aliousema asubuhi ile, huo ndio uliokaribia ukweli kuliko wote. Alilijua hilo mara tu lilipomtoka, na likamuuma. Alimkumbuka mama yake akifunga mlango wa nyumba ile siku ya kwenda Goma, akimwambia paka alinde.

— Nestor, Mama Annonciata alisema, nipatie nyundo.

— Niliisahau kwangu.

— Iko mu mukono yako.

Ilikuwa mkononi kweli. Alikuwa ameichomoa mfukoni na kuishika bila kujua, kama mtu anayejiandaa kwa vita. Mama Annonciata aliichukua taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Alikuwa keshapiga hatua mbili kuelekea ukutani kwake wakati pikipiki iliposimama barabarani, imejaa tope hadi kwenye taa.

Akashuka mama mmoja mfupi, wa makamo yaliyopita, mwenye kitenge cha kijani, mwavuli, na mfuko mkubwa alioufunga kwa kamba. Raboti alisimama. Mwisho wa mwezi ulikuwa bado siku tisa.

— Bonjour kwenu, alisema mama yule.

— Bonjour, mama, walimwitikia, maana hawakumjua.

Paka alichomoka chini ya gogo. Hakukimbia kama paka, alikimbia kama mbwa, mkia juu, mpaka miguuni kwa mgeni, akajizungusha kwenye kitenge chake hadi kikaingia manyoya.

— Sentinelle, alisema mama, akiinama kumshika kichwa. Na wewe ulihamia huku?

Inspecteur akaandika: Sentinelle.

— Mama, Raboti alisema kwa sauti ambayo haikufika mbali. Karibu. Tulisema ni mwisho ya mwezi. Naomie ni muzima? Mutoto anaendelea?

— Bote bazima. Mutoto ananyonya muzuri, ameshanenepa. Nikasema nirudie, nione kazi ulinifanyia. Natoka kule kwangu Kashuga sasa hivi. Nilikuta mawe ya musingi, umezipanga muzuri sana. Nikakuta choo. Choo iko imesimama, ulitia ata mulango mupya.

Aliweka mfuko chini, akanyoosha mgongo, akamtazama mwanawe. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua.

— Sasa, Nestor. Nyumba yangu iko wapi?

Inspecteur, mtu mwenye jibu la kila kitu tangu mwaka alioanza kufundisha, alitazama pembetatu yake kwenye tope, kisha akaanza kuifuta polepole kwa soli ya kiatu. Fromage alipiga hesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza. Mama Annonciata alisimama na nyundo mkononi, akatazama ukuta wake mpya, akatazama paka, akamtazama Raboti.

— Libuyu mupya, alisema. Maneno mawili tu, na hakuyasema kwa ukali.

Raboti alikuwa na miaka arobaini na tatu, lakini aibu iliyomshika ilikuwa ya mtoto wa miaka saba aliyevunja chungu. Alitamani uongo mwingine wowote, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuupata.

— Iko hapa, mama, alisema.

— Hapa wapi?

— Salon yako iko kwa Mama Annonciata, ni ile ukuta. Chumba ya kulala iko kwa Honoré, inakaa fromage. Zile zilikuwa kwa jiko niliziweka juu kwa mwalimu, mu plafond. Barabara ilikatika, mama. Nilisema naazima tu. Patient alishapasua zingine kule Buleusa, zinangoya lori. Nilisema utarudi ukute zote ziko fasi yake. Nilikosa. Unisamehe.

Aliyamaliza kwa pumzi moja, akashusha kichwa.

— Mi niko na mbao kidogo sana, mama, alisema Fromage. Na zimeshaanza kunuka.

— Kwangu ni plafond tu, alisema Inspecteur. Muntu hawezi kulala mu plafond.

Mama Annonciata aliwatazama wote wawili mpaka wakanyamaza. Kisha akainua nyundo.

— Mama, za kwangu nazitoa leo. Sikujua ziko zako. Ningelijua, nisingezikubali.

— Acha, mwanangu, alisema Mama Libérata. Wewe ulitafuta mbao, fundi akakupa mbao. Hukukosa kitu. Leo ukikubali nitalala kwako, karibu na ukuta yangu, na paka yangu. Kesho nitaamukia kwa huyu wa fromage, nione chumba yangu iko namna gani.

Akaketi kwenye gogo, mahali pa Raboti palepale, akampakata Sentinelle. Mama Annonciata alimimina kahawa, na ikatoka nusu kikombe tu, kwa kuwa termosi ilikuwa imefika mwisho. Mama Libérata alikipokea kwa mikono miwili, akaonja, akasifu.

— Nestor, alisema, ile nyumba yako wewe. Ile bibi yako Bénédicte alipaka rangi ya bleu. Iko na mbao ngapi?

Seremala anaweza kusahau siku ya ndoa yake, lakini hasahau hesabu ya mbao za nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Wote walimgeukia.

— Makumi sita na nane, mama.

— Yangu ilikuwa makumi sita na ine, alisema Mama Libérata, na akanywa tena kidogo. Zinatosha.

Raboti alimsogelea Mama Annonciata, akanyoosha mkono, akaomba arudishiwe nyundo yake.